Hesabu Siku Kumi: Rufaa ya Kesi ya Kuvunja Nyumba Usiku

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Madimba, Mkoa wa Mtwara)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu bora wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Mambo hayo tumeyasoma mara nyingi, na tutayasoma tena. Leo tumekuja na jambo ambalo watu hulisema chini chini. Mtu amehukumiwa kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Yeye anasema hakutenda. Je, afanye nini? Na sisi ndugu zake na majirani zake, tufanye nini?

Wengine mtasema, "Mwizi ni mwizi, ya nini kupoteza wakati kumtetea?" Tunawaelewa. Hapa kwetu mtu huhangaika na mikorosho mwaka mzima. Anapalilia, anapuliza salfa, anaokota, anapeleka ghalani. Akipata fedha yake ananunua redio, au paneli ya sola, au mabati mawili matatu. Halafu usiku mmoja mtu anavunja mlango anabeba vyote. Uchungu wake ni mkubwa. Hatukuja kutetea wizi.

Lakini tutazame na upande wa pili. Akifungwa mtu ambaye hakuiba, yametokea makosa mawili kwa mara moja. Asiye na hatia yuko gerezani, na mwizi mwenyewe bado anatembea kijijini, anaitazama milango yetu. Kwa hiyo rufaa si jambo la wezi. Ni jambo la kijiji kizima.

RUFAA NI NINI?

Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu iangalie upya uamuzi wa mahakama ya chini. Mahakamani mtalisikia pia neno "rufani". Maana ni ile ile. Anayekata rufaa huitwa mrufani.

Haki hii si huruma ya mtu. Imo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa humo mwaka 1984. Inasema kwamba mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na kwamba ana haki ya kukata rufani. Inasema pia kuwa mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitishwe kuwa ana hatia.

Ngazi za mahakama ni kama vidato vya mnazi. Unapanda kimoja kimoja. Chini kabisa iko Mahakama ya Mwanzo. Juu yake ziko Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Kisha iko Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake Mtwara mjini. Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hii ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika mwaka 1977. Majaji wake nao huja kufanya vikao Mtwara. Basi mtu wa Madimba asidhani kwamba rufaa ni mambo ya watu wa Dar es Salaam.

MFANO WA MVUVI

Ili somo lieleweke, tumetunga mfano. Hakuna mtu wa kweli ndani yake, kwa hiyo msianze kutazamana.

Mvuvi mmoja alishtakiwa katika Mahakama ya Wilaya. Ilidaiwa kuwa usiku wa saa nane alivunja nyumba ya jirani yake, akaiba redio na paneli ya sola. Jirani alisema alimtambua kwa mwanga wa tochi. Miezi minne baadaye, redio nyeusi ilikutwa chini ya kitanda cha mvuvi. Polisi walileta maelezo yenye alama ya dole gumba lake, yakisema amekiri. Yeye alisema redio aliinunua gulioni, na maelezo hakuyasoma. Hakimu alimtia hatiani na kumfunga miaka mitano.

Mvuvi ana mke. Mke huyo amehitimu kisomo. Ana watoto watatu na shamba la mikorosho linalongoja kupuliziwa. Siku ya hukumu alisimama nje ya mahakama, wala hakujua aanzie wapi. Ndugu mmoja akamwambia, "Shemeji, ndiyo basi tena. Imekwisha."

Ndugu huyo alikosea. Lakini kama mke yule angekaa bila kufanya kitu kwa wiki mbili tu, maneno ya ndugu yule yangekaribia kuwa kweli. Hilo ndilo tunalotaka mkae nalo kichwani leo.

SIKU KUMI

Sasa sikilizeni vizuri. Mkiwa na kalamu, andikeni.

Kesi ikiwa imeamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa huenda Mahakama Kuu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ni karatasi fupi. Inasema: mimi fulani, niliyetiwa hatiani tarehe fulani katika kesi namba fulani, sikuridhika, nakusudia kukata rufaa. Taarifa hii itolewe ndani ya siku 10 tangu siku ya uamuzi. Hukumu ikitolewa tarehe 3, msingoje tarehe 13. Tarehe 5 iwe imekwisha andikwa. Kichwa cha karatasi kiandikwe Mahakama Kuu, kwa sababu huko ndiko rufaa inakokwenda. Wako watu waliopata taabu kubwa kwa kukosea kichwa tu.

Hatua ya pili ni rufaa yenyewe, yaani karatasi yenye sababu za rufaa. Hii iwasilishwe ndani ya siku 45. Lakini hapa sheria imeona taabu ya wananchi. Mtu hawezi kuandika sababu bila kuona hakimu aliandika nini. Kwa hiyo muda uliotumika kungoja nakala ya mwenendo wa kesi na nakala ya hukumu hautiwi katika hesabu ya zile siku 45. Ndiyo kusema, siku ile ile ya hukumu mwandikieni barua karani wa mahakama, mwombe nakala. Barua hiyo iwe na tarehe. Mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Siku mtakapoulizwa kwa nini mmechelewa, barua hiyo ndiyo itakayowasemea.

Na aliyeko gerezani je? Huyo hana haja ya kutoka. Anampa mkuu wa gereza karatasi zake, na mkuu wa gereza anawajibika kuzipeleka mahakamani. Mfungwa asiyejua kuandika aombe kuandikiwa.

Kesi ikiwa imeamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, njia ni nyingine. Rufaa huenda Mahakama ya Wilaya, na muda wake ni siku 30. Kutoka hapo mtu ambaye bado hakuridhika huenda Mahakama Kuu, nako ana siku 30.

Na muda ukipita? Mlango haufungwi kwa komeo moja kwa moja. Mtu anaweza kuiomba mahakama imruhusu kukata rufaa nje ya muda. Lakini lazima aeleze kwa kiapo sababu ya kutosha. Mahakama hutaka kujua kila siku ya kuchelewa ilipotelea wapi. "Sikujua sheria" haisaidii. Kwa hiyo ni heri kuhesabu siku 10 kuliko kuja kueleza siku 200.

SABABU ZA RUFAA

Wengi wakifika hapa huandika, "Naomba mahakama inihurumie, nina mke na watoto." Ndugu zetu, hayo ni maneno ya kuomba kupunguziwa adhabu. Hayaonyeshi kwamba hukumu ina kosa. Sababu ya rufaa ni lazima ionyeshe mahali ambapo mahakama ya chini ilikosea.

Jaji naye hakuwapo Madimba usiku ule. Anachokiona ni karatasi. Katika rufaa ya kwanza anawajibika kuupima upya ushahidi wote ulioandikwa. Ushahidi mpya haupokelewi hivi hivi tu. Kwa hiyo lililosemwa likaandikwa lipo, na lisilosemwa ni kana kwamba halikuwapo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata haki ni hivyo hivyo.

Tumchukue mvuvi wetu, tumpime hatua kwa hatua.

Kwanza, kosa lenyewe. Kuvunja nyumba usiku ni kosa lenye sehemu zake. Iwe ni nyumba wanamokaa watu. Iwe imevunjwa na kuingiwa. Iwe aliyeingia alikuwa na nia ya kutenda kosa. Na iwe usiku. Kuvunja si lazima mlango upasuke. Kusukuma mlango uliorudishwa, au kuinua dirisha, sheria inakuita kuvunja. Kuingiza mkono tu ndani kunatosha kuwa kuingia. Na usiku kwa sheria hii ni tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 20. Tukio likiwa la mchana, kosa hubadilika jina na adhabu yake ya juu huwa ndogo. Kwa hiyo saa ya tukio si jambo la kupuuza. Je, hati ya mashtaka inasema saa ngapi? Na mashahidi walisema saa ngapi? Vitu vilivyotajwa katika hati ndivyo vilivyotajwa na mashahidi? Vikipingana, hiyo ni sababu ya kuandika.

Pili, kutambuliwa usiku. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Mpaka leo mahakama hulirejea shauri hilo. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na mahakama isiutegemee mpaka nafasi zote za kukosea ziondolewe. Waulize: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Je, alimfahamu kabla ya hapo?

Jirani wa mvuvi alisema "tochi". Haya, tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama alikuwa nayo mwizi, basi aliyemulikwa ni jirani. Anayemulikwa usoni haoni kitu. Na kama ni koroboi, ilikuwa wapi, na mwanga wake ulifika wapi? Tena, je, jirani alimtaja mvuvi usiku ule ule kwa watu waliokuja kwa mwano? Au alimtaja baada ya wiki mbili? Mahakama hutilia maanani sana shahidi anayetaja jina mapema. Anayenyamaza bila sababu huleta shaka.

Tatu, mali iliyokutwa. Ipo kanuni kwamba mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, na hana maelezo ya kuaminika, mahakama yaweza kumwona kuwa ndiye mwizi. Lakini kanuni hiyo ina masharti. Mali iwe imekutwa kwake kweli. Ithibitike bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji. Iwe imeibwa karibuni. Na iwe ndiyo ile iliyotajwa katika hati ya mashtaka. Redio nyeusi ziko nyingi. Jirani aliitambua hii kwa alama gani? Je, alieleza alama hiyo kabla ya kuonyeshwa redio, au alipoonyeshwa tu akasema, "Ndiyo yangu"? Na miezi minne ni karibuni? Redio ni kitu kinachouzwa na kununuliwa mara kwa mara, si kama nyumba.

Nne, maelezo ya polisi. Kwa kawaida mtu aliye chini ya ulinzi ahojiwe ndani ya saa nne tangu alipozuiliwa. Muda wa safari ya kumpeleka kituoni hauhesabiwi. Muda huo unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu wa sheria. Na upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuonyesha kuwa maelezo yalitolewa kwa hiari. Mvuvi alikamatwa asubuhi, akaandikwa maelezo siku ya pili jioni. Hapo pana swali. Tena hati yoyote ikipokelewa kuwa kielelezo, isomwe kwa sauti mahakamani, ili mshtakiwa ajue kilichoandikwa. Kama haikusomwa, hiyo nayo ni sababu.

Hapa tuseme ukweli mchungu. Sababu nyingi za rufaa hutengenezwa siku ya kesi, si siku ya rufaa. Hati inapotolewa na mshtakiwa anaipinga, apinge pale pale, kabla haijapokelewa. Shahidi anaposema uongo, amwulize maswali pale pale. Akinyamaza juu ya jambo kubwa, mahakama huweza kuchukua kwamba amelikubali. Na kama usiku ule alikuwa mahali pengine, tuseme alikuwa dago na wavuvi wenzake, atoe taarifa mapema na kuwaita wenzake hao. Akisubiri kulisema kwenye rufaa, ataambiwa amelifikiria baadaye.

ALIYEKIRI JE?

Wako watu waliosema "ni kweli" siku ya kwanza, kwa kuogopa au kwa kuambiwa kwamba wakikiri wataachiwa. Baadaye wanajuta. Sheria inasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kupinga adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali.

Lakini mahakama zimeweka milango midogo. Kukiri lazima kuwe wazi kabisa. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, kila sehemu yake. Kisha upande wa mashtaka ueleze jinsi mambo yalivyotokea, naye mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Kama maelezo hayo hayaonyeshi kosa, au kama mtu alisema "ni kweli niliichukua, lakini ilikuwa yangu", huko si kukiri. Mahakama ya juu yaweza kuifuta hukumu hiyo.

Fundisho: usiseme "ni kweli" ili kumaliza shughuli uwahi basi. Neno hilo likiandikwa, kulitoa ni kazi.

MAHAKAMA KUU YAWEZA KUFANYA NINI?

Yaweza kuikubali rufaa na kumwachia huru mrufani. Yaweza kubadili kosa kuwa jingine dogo. Yaweza kupunguza adhabu. Yaweza kuikataa rufaa. Na mjue pia kwamba ina uwezo wa kuongeza adhabu. Kwa hiyo rufaa si mchezo wa bahati nasibu.

Yaweza pia kuagiza kesi isikilizwe upya. Hili lina mpaka wake. Katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kesi irudiwe pale ambapo ile ya kwanza haikuwa halali au ilikuwa na kasoro kubwa, na haki inataka hivyo. Isirudiwe ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao.

Wakati wa kungoja, mrufani anaweza kuomba dhamana. Hupewa mara chache, maana yeye tayari ametiwa hatiani. Lakini kuomba ni haki yake.

Asiporidhika na Mahakama Kuu, anaweza kwenda Mahakama ya Rufani. Taarifa yake itolewe ndani ya siku 30. Huko, kesi ya mvuvi wetu ingekuwa rufaa ya pili, nayo husikilizwa kwa hoja za sheria tu. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo inahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kuwa kuna hoja ya sheria.

NANI ATUSAIDIE?

Sisi tunaosema nanyi si mawakili. Mwenye uwezo amwone wakili. Asiye na uwezo, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inawatambua watoa msaada wa kisheria, pamoja na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi vijijini. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba yako. Ila anaweza kukueleza utaratibu na kukuongoza kupata hati zako. Ulizeni ofisi ya mtendaji wa kata, au ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani.

Jihadharini na vishoka. Kishoka ni yule anayekaa karibu na mahakama, anajiita wakili, anachukua fedha za korosho, kisha siku 10 zinapita akisema, "Faili nalishughulikia." Na anayekwambia umpe kitu kidogo ili amwone jaji, huyo anakuongezea kesi ya pili.

Kuhusu lugha, msiogope. Zamani mwananchi alipewa hukumu ya Kiingereza akaishika kama picha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama. Sababu zenu za rufaa ziandikeni kwa Kiswahili chenu safi, kila sababu na namba yake. Sababu nne zilizo wazi ni bora kuliko kurasa kumi za kulalamika.

KAZI YA MWANAKISOMO

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ile, wengine chini ya mwembe. Watu walifundishwa kusoma ili waache kuburuzwa. Sasa, kuna faida gani kujua kusoma kama mbele ya meza ya polisi bado tunatoa dole gumba kwa haraka? Mhitimu asome kwanza. Asichokielewa aulize. Akisharidhika, ndipo atie sahihi kwa jina lake.

Tena kila mmoja wetu na aweke daftari nyumbani. Aandike namba ya redio yake, ya baiskeli yake, ya simu yake. Aliyenunua kitu dukani atunze stakabadhi. Aliyenunua gulioni aandikiane na muuzaji mbele ya shahidi. Daftari hilo litamsaidia aliyeibiwa kuitambua mali yake. Litamsaidia pia aliyesingiziwa kuonyesha alikoipata. Mwizi peke yake ndiye hatalipenda.

Turudi kwa mke wa mvuvi. Siku ile hakurudi nyumbani kulia. Aliingia kwa karani, akauliza namba ya kesi, akaiandika. Aliomba nakala kwa barua. Kesho yake alikwenda gerezani na kumwambia mumewe, "Baba watoto, leo ni siku ya pili. Zimebaki nane. Mwambie mkuu wa gereza unataka karatasi." Kisha alirudi kwenye mikorosho yake, na ukutani kwake alichora mistari kumi, akawa anafuta mmoja kila jioni.

Je, mvuvi atashinda? Hatujui. Wala hatujui kama aliiba au hakuiba. Wewe pia hujui, hata kama ni jirani yake. Ndiyo maana kuna ushahidi, na ndiyo maana kuna rufaa. Akishindwa, atakuwa ameshindwa baada ya kusikilizwa. Akishinda, jirani yake na atafutiwe mwizi wa kweli, maana redio yake bado haijapatikana.

 Gazeti hili msilifungie maandazi. Litunzeni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hukumu ya Mahakama ya Wilaya imetolewa tarehe 20 mwezi wa Juni. Taarifa ya kusudio la rufaa iwe imefika kabla ya tarehe gani kupita?

2. Kuna tofauti gani kati ya sababu ya rufaa na ombi la huruma? Toeni mfano mmoja wa kila moja.

3. Jirani yako amevunjiwa usiku, naye anataja jina la mtu. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kumshika mtu huyo?

4. Kila mwanakikundi aandike namba na alama za kitu kimoja cha thamani alichonacho nyumbani. Wiki ijayo mje na madaftari.